Jimny inaweza kuvuta tela la kulala mpaka Kilwa? Ndiyo, ila si tela lolote

Mwaka juzi nilipanda RAV4 ya milango mitatu kutoka Lindi mjini kwenda Kilwa Masoko. Nyuma tulikuwa tunavuta tela lenye boti ndogo ya faiba, mashine yake imefungwa palepale mkiani mwa boti. Binamu yangu ndiye aliyeshika usukani. Gari ilikuwa inatembea freshi tu, muziki juu, stori zinaendelea.

Tulipoanza kushuka kuelekea bonde la Mbwemkuru, likaja lori kubwa kutokea mbele. Lilipotupita, upepo wake ukalisukuma tela. Likaenda kushoto, likarudi kulia, likaenda tena kushoto kwa nguvu zaidi. Binamu akakanyaga breki. Hapo sasa tela ndilo likawa linaendesha gari. Tulikuja kusimama upande wa pili wa barabara, pua inaangalia vichaka, na ni bahati tu hakukuwa na mtu anayekuja.

Mzee mmoja mwenye baiskeli akasimama kutuangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Poleni. Lakini wanangu, mzigo wenu mmeuweka mkiani, na gari yenyewe nyepesi. Mlitegemea nini?"

Maneno ya yule mzee yamenirudia wiki hizi, kwa sababu washkaji wanapanga safari ya Kilwa na mmoja wao ana Suzuki Jimny. Kapata ofa ya kukodi tela la kulala: kile chumba kidogo chenye magurudumu, kitanda ndani, jiko nyuma, unafika unaegesha na kupumzika. Swali lake ni moja tu: kagari kangu kanaweza?

Tumepiga hesabu. Hili ndilo jibu.

Jibu fupi

Jimny ya cc 1500 inaweza kuvuta tela la kulala dogo, lisilozidi kilo 700 hadi 750 likiwa limeshapakiwa kila kitu, lenye breki zake lenyewe, na mkiwa watu wawili ndani ya gari.

Karavani ya familia, ile ya kusimama ndani na kulala watu wanne, mara nyingi huvuka kilo 1,000. Hiyo iache. Hata kama kwenye karatasi utaona namba inayokuruhusu.

Sasa twende kwenye sababu.

Kuvuta siyo ishu, kusimama ndiyo ishu

Watu wengi wakiuliza "gari yangu inaweza?", kichwani wanawaza injini. Itapanda mlima? Haitachemsha?

Injini ni sehemu rahisi ya swali. Jimny ya cc 1500, ile iliyotoka mwaka 2018, ina nguvu ya farasi kama 100. Ukiweka gia ndogo, tela la kilo 1,000 litatembea. Ukiweka gia za chini kabisa, 4L, litatoka hata kwenye mchanga. Na Jimny ina chasisi kamili ya chuma chini kama lori, kwa hiyo siyo gari ya kukatika vipande.

Tatizo linaanza pale unapotaka kusimama, au kunyooka.

Jimny yenyewe ina uzito wa kama kilo 1,100. Breki zake zimetengenezwa kusimamisha gari, watu na mizigo visivyozidi kilo 1,435 kwa pamoja. Sasa chukua gari, watu wawili, mabegi mawili, halafu tela la kilo 700 ambalo halina breki. Umefika karibu kilo 2,000. Breki zilezile sasa zinabebeshwa karibu asilimia 40 zaidi ya kipimo chake.

Ongeza mwendo hapo. Ukitoka spidi 50 ukaenda 80, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka kama mara mbili na nusu. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, pedeli inaanza kuwa laini, na mbuzi wa watu anakatisha barabara.

Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza mwenye tela ni hili: lina breki?

Matela mengi niliyoyaona yakichomelewa mtaani kwa ekseli ya gari iliyokufa hayana. Lenye breki za kawaida lina mkono kwenye shingo, pale linapokamata gari. Ukipunguza mwendo tela linakuja mbele kidogo, ule mkono unasukumwa ndani, unavuta waya au fimbo, na magurudumu ya tela yanajishika yenyewe. Mtambo wa kawaida tu, na ndiyo unaookoa maisha yako.

Namba za kukaa nazo kichwani

Hizi ni za Jimny ya cc 1500 kama ilivyouzwa Ulaya na Australia:

• Kilo 350: mwisho wa tela lisilo na breki.

• Kilo 1,300: mwisho wa tela lenye breki.

• Kilo 75: mwisho wa uzito ambao shingo ya tela inaruhusiwa kukandamiza kwenye kiungo cha gari.

Watu wakiona 1,300 wanafurahi, wanafunga mjadala. Lakini hebu iangalie ile 75.

Ili tela litembee limenyooka, shingo yake inatakiwa iwe na uzito wa kutosha. Marekani wanasema angalau asilimia 10 ya uzito wa tela ukae shingoni. Ulaya wanakwenda chini ya hapo, asilimia 5 hadi 7, na matela yao na mwendo wao vimepangwa hivyo.

Kilo 75 ni asilimia 10 ya kilo 750. Ukivuta kilo 1,300 huku shingo ina 75 tu, uko chini ya asilimia 6. Kwa barabara nyororo ya Ulaya, tela la kiwandani na dereva mzoefu, sawa. Kwa mashimo, matuta na malori ya kusini, mimi nachagua ile 750.

Uingereza nao wana ushauri wa siku nyingi kwa dereva mgeni wa kuvuta: tela lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwa Jimny hiyo ni kama kilo 935. Kwa hiyo hata ukiamua kuwa mlegevu, 1,300 haipo mezani.

Tahadhari nyingine: Jimny siyo moja. Nyingi zinazokuja kwetu zimetumika Japani, na kule kuna Jimny ya cc 660. Ukiiangalia haraka unaweza kudhani ni ileile, lakini injini ni chini ya nusu na mwili wake ni mwembamba, mita 1.475 dhidi ya mita 1.645. Namba za juu siyo zake. Ukiwa na cc 660, funga safari na hema lako, tela liache.

Na kama una RAV4 au Escudo, usichukue namba za Jimny wala za jirani. Tafuta kitabu cha gari yako, ya mwaka wako, ya injini yako. Usikubali kabisa fundi akufungie kiungo cha kuvutia kwenye bampa. Bampa ni urembo. Kiungo kinafungwa kwenye chasisi, au kwenye sehemu za chuma ambazo kiwanda kimezitenga kwa kazi hiyo.

Na nyinyi mliokaa ndani mnahesabika

Hapa ndipo mpango wa washkaji wangu ulipokufa.

Jimny inaruhusiwa kilo 1,435 kwa jumla. Toa kilo 1,100 za gari, zinabaki kama 335. Hizo ndizo za watu, mabegi na ile kilo 75 ya shingo ya tela, maana shingo inaikalia gari.

Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Jumlisha 75. Jibu ni 355.

Umeshapitiliza, na hamjaweka hata begi moja. Ekseli ya nyuma imekandamizwa, pua imenyanyuka, tairi za mbele ambazo ndizo zinazokunja kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki zimekuwa nyepesi. Usiku taa zako zinamulika minazi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa tela ni hivyohivyo: kwa sababu huubebi mwenyewe, unauona hauna uzito. Kwa hiyo uandike. Mfano wa safari ya watu wawili kwa siku nne:

• Tela tupu: kilo 450

• Maji lita 80: kilo 80

• Mtungi wa gesi uliojaa, wa kilo 15: kama kilo 30 na chuma chake

• Betri kubwa ya taa na friji: kama kilo 30

• Godoro, turubai, viti: kilo 40

• Chakula na vinywaji: kilo 50

• Tairi ya akiba, jeki, spana: kilo 30

Jumla ni 710. Umebaki na kilo 40 tu kabla ya kufika 750. Ukisema "tuongeze kreti mbili za soda na jenereta ya mjomba", umeshavuka.

Maji ndiyo ya kwanza kupunguza. Lita 1 ni kilo 1, na Masoko maji utayapata. Hakuna haja ya kuyatoa Dar es Salaam.

Kwanini mkia unayumba

Fikiria umeshika ufagio kwa ncha ya mpini, unaukokota nyuma yako. Ukiwa mwepesi kule mwisho, unakufuata. Funga jiwe kwenye zile nyuzi, halafu geuka haraka. Jiwe litakuzungusha wewe.

Tela ni hivyo. Uzito ukiwa nyuma ya ekseli yake, kila tikisiko dogo linazaa kubwa zaidi. Upepo wa lori, shimo, kukata usukani ghafla, chochote kinatosha kulianzisha.

Matela ya boti ni wabaya zaidi kwa hili, maana mashine inakaa nyuma kabisa. Mashine ya nguvu ya farasi 40 peke yake ina kama kilo 70. Ndiyo yaliyotukuta sisi. Mashine ilitakiwa ishuke, ilazwe mbele, na boti isogezwe kuelekea shingoni.

Halafu kuna ufupi wa gari. Kutoka ekseli ya mbele ya Jimny hadi ya nyuma ni mita 2.25. Land Cruiser ndefu ya hadtopu ina karibu mita 3, na uzito wake unavuka tani 2. Tela lilelile likiyumba nyuma ya hadtopu, dereva anaweza asihisi kitu. Nyuma ya Jimny linaizungusha gari kama pia.

Ufupi uleule unaoifanya Jimny ipendwe porini, kupita vichochoro na kugeuka penye nafasi ya kitanda, ndio unaoinyima nguvu ya kulituliza tela.

Barabara ya kusini ina mambo yake

Wazee wa safari za kusini wanakumbuka kipande cha Ndundu hadi Somanga kabla ya lami, watu wakilala njiani kwenye tope. Siku hizi lami ipo kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi, na ukichepuka Nangurukuru ni lami pia mpaka Masoko. Ni takribani kilomita 300 kutoka Dar hadi Kilwa. Lakini kwa mtu mwenye tela kuna vitu vinne vya kuangalia.

Maji ya mvua. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara hii ilikatika sehemu kadhaa ndani ya Kilwa, mabasi na malori yakakwama. Huku mvua ni kama Desemba mpaka Aprili au Mei. Penye ujenzi kuna mchepuo wa vumbi wenye makorongo. Jimny peke yake inaruka. Tela lenye magurudumu madogo linazama, na kulirudisha nyuma kwenye mchepuo ukiwa na foleni ya malori nyuma yako ni mtihani usiotaka kuufanya kwa mara ya kwanza.

Malori. Tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kifunguliwe Mtwara mwaka 2015, malori ya saruji ni sehemu ya barabara hii. Lori linalokuja mbele linakusukuma, halafu linakuvuta. Ukiliona, punguza mwendo kabla halijakufikia, shika usukani kwa mikono miwili, kaa katikati ya njia yako.

Upepo. Kusi ikishika, hasa Juni mpaka Agosti, inatoka upande wa baharini. Ukiwa unashuka kusini inakupiga ubavuni kushoto. Tela la kulala ni kama tanga: refu, bapa, jepesi. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lina urefu wa karibu kilomita 1 na halina mti wa kukukinga. Vuka taratibu.

Mchanga na bamvua. Ufukwe wa Jimbizi pale Masoko unavutia kuteremka na gari mpaka majini ili upige picha. Na tela, usifanye hivyo. Wakati wa bamvua maji yanajaa juu sana, na tela lililozama kwenye mchanga mlaini halisubiri uite watu. Liegeshe penye ardhi ngumu, tembea kwa miguu. Ukitaka kwenda kuona magofu ya Kisiwani, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, unavuka kwa boti na gari inabaki Masoko. Kwa hiyo tafuta mapema pa kuliacha tela penye mlinzi.

Barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale nayo ni ndefu na ya vumbi. Huko usipeleke tela la kulala nyuma ya gari ndogo.

Pima kabla ya kuamini

Mwenye tela akikwambia "halina uzito hili, bosi", mshukuru, halafu pima.

Uzito wa shingo unapimika kwa mzani wa kawaida wa kupimia watu:

1. Pakia tela kila kitu kama siku ya safari, liegeshe penye usawa, weka mawe au vigingi kwenye magurudumu.

2. Weka mzani chini ya shingo, juu yake kipande cha mti kinachofikia urefu uleule wa kiungo cha gari.

3. Shusha shingo juu ya mti. Soma namba.

Ikisoma kati ya 60 na 75 kwa tela la kilo 700, uko vizuri. Ikisoma 20, uzito wako uko mkiani: hamisha vitu mbele. Ikisoma 110, rudisha vitu juu ya ekseli, au punguza mzigo kabisa.

Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vyepesi juu na nyuma. Usifunge baiskeli wala mashine ya boti mgongoni mwa tela.

Kabla ya kuwasha gari

• Kiungo kimefunga? Nyanyua shingo kwa jeki. Kama kimefunga sawasawa, gari itanyanyuka nayo.

• Minyororo miwili ya usalama imepishana chini ya shingo, haikwaruzi lami.

• Taa za breki, indiketa na taa za nyuma za tela zinawaka. Mtu mmoja asimame nyuma akague.

• Upepo wa tairi za tela, pamoja na ile ya akiba. Tairi ya tela inaweza kuwa na sura nzuri huku imezeeka kwa kukaa juani. Ukiona nyufa pembeni, badilisha.

• Beringi zimepakwa grisi. Baada ya kilomita 50 za kwanza, simama, gusa kitovu cha gurudumu. Likiwa la moto la kuunguza, usiendelee. Kaza tena nati hapohapo.

• Vioo vya pembeni vinaona mpaka nyuma ya tela.

• Mafuta. Tenki la Jimny ni lita 40. Ukivuta, piga hesabu kwa kilomita 8 kwa lita, yaani kilomita 320, ambazo zinakufikisha Kilwa ukiwa karibu mkavu. Ongeza Kibiti au Ikwiriri.

• Kwenye lami kavu usiweke 4H. Mtambo wa Jimny umetengenezwa kwa vumbi, tope na mchanga. Kwenye lami unajikaba wenyewe.

Njiani, panga mwendo wa 70, 80 ukizidi sana. Kwenye mteremko shuka gia kabla ya kuanza kuteremka, injini ikusaidie kushikilia. Kama ni otomatiki, zima ovadraivu. Geji ya joto ikipanda, usilazimishe. Na usisafiri usiku: baiskeli zisizo na taa ni nyingi, na umbali wako wa kusimama umeongezeka.

Tela likianza kuyumba

Hii isome mara mbili.

1. Usikanyage breki kwa nguvu. Ndicho alichofanya binamu yangu.

2. Usiongeze mafuta. Kuna watu wanashauri ulivute linyooke kwa kuongeza mwendo. Kwa gari ndogo unaongeza tu kasi ya ajali.

3. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Shika usukani umenyooka. Usilifuate tela kwa kukata kushoto na kulia, utalichochea.

4. Likitulia, simama pembeni, panga mzigo upya. Likiyumba mara ya pili baada ya kupanga, safari imeisha. Tafuta gari kubwa.

Vipi kuhusu trafiki na bima?

Tela siyo begi la gari. Lina usajili wake na namba yake, na linatakiwa kuwa na taa na viakisi. Kabla ya kukodi, omba uone karatasi zake. Mpigie anayekuuzia bima na umuulize mambo mawili: bima ya gari yangu inakubali nikivuta tela? Tela lenyewe lina bima? Jibu la simu halitoshi, omba maandishi. Uliza pia polisi kama daraja la leseni yako linaruhusu.

Vijijini mwendo ni 50, na tochi zipo. Kwa mwenye tela, 50 ya kijijini ni nzuri kwako mwenyewe. Na mtu yeyote asikae ndani ya tela likiwa linatembea, hata mtoto aliyelala.

Kuna njia rahisi zaidi

Nimemwambia mwenye Jimny ukweli. Kama mnakwenda wawili, tela dogo lenye breki linawezekana, mkipima na mkienda taratibu. Kama mnakwenda wanne, haliwezekani, na hakuna fundi wa kulirekebisha hilo.

Akasema basi ataweka hema la juu ya paa. Hilo nalo lina hesabu yake: paa la Jimny limepangiwa kilo 30 tu gari ikiwa inatembea, na mahema mengi ya paa yanavuka kilo 50.

Hema la kawaida la kusimika chini lina kilo kama 5. Wawili wanapanda Jimny na hema, wawili wanapanda basi mpaka Nangurukuru, kisha gari za kwenda Masoko. Mnakutana Jimbizi jioni.

Wamekubali, isipokuwa mmoja ambaye bado ananuna. Boti ya binamu yangu nayo iko salama Masoko. Siku ile tulishusha mashine tukailaza ndani ya gari, tukasogeza boti mbele, yule mzee akitusimamia. Tukaenda kwa spidi 50 mpaka Nangurukuru, muziki umezimwa, na tela halikutikisika tena.